Vaka: chombo huku, mkesha kule

Nimetumiwa tena orodha ya maneno "yanayothibitisha" kwamba Waskandinavia wa Ulaya ya kaskazini na Wapolinesia wa visiwa vya Pasifiki ni ndugu. Juu kabisa limekaa neno vaka. Nakiri, ni chambo kizuri.

Kwa Watonga, vaka ni mtumbwi, chombo cha baharini. Wasamoa na Watahiti husema va'a, kwa kuwa k ya zamani kwao imebaki kukata pumzi kidogo tu kooni. Wamaori wa New Zealand wana waka, na hapo ndipo neno linaponoga. Tainui na Te Arawa ni majina ya waka zilizowaleta mababu, na hadi leo watu hujitambulisha kwa waka ya wahenga wao. Eropleni ni waka rererangi, waka inayoruka. Halafu kuna waka huia, kisanduku cha mbao kilichonakshiwa, cha kuhifadhia manyoya ya huia, ndege aliyekwisha kutoweka. Kisanduku hicho hakielei popote, lakini Mswahili hahitaji kuelezwa: jahazi ni chombo, na bakuli la mchuzi ni chombo.

Huko Iceland, vaka ni kukesha, tena ni mkesha wenyewe. Kvöldvaka ilikuwa desturi ya nyumba za mashambani majira ya baridi: watu wameketi vitandani katika chumba kimoja, huyu anachambua sufu, yule anafuma soksi, na mmoja anawasomea visa vya kale kwa sauti, taa ikimulika kitabu. Waswidi nao wana valvaka, usiku wa kungoja matokeo ya uchaguzi.

"Kwani nahodha wa vaka si hukesha?" huniuliza wenye orodha. Hukesha, ndiyo. Na cha kuchekesha ni kwamba ukirudi nyuma maneno haya yanazidi kufanana. V zote mbili zilikuwa w. Rudi tena, na k zote mbili zinatokana na g: ile ya Kaskazini utaiona kwenye Kilatini, vigil, mwenye kukesha, ile ya Pasifiki wameitunza Wafiji, majirani wa Watonga, wanaoandika waqa na kutamka wanga, kwa ng ya ngoma.

Bado nakataa undugu. Neno halisimami peke yake, lina wenzake wanaobadilika nalo. Vigil inakwenda na vaka kama genu, goti la Kilatini, linavyokwenda na kné ya Iceland. Waqa inakwenda na vaka kama qele, udongo wa Kifiji, unavyokwenda na kelekele ya Kitonga. Hizo ni safu mbili, na hazikutani. Jaribu kuhesabu: tatu ni þrír Iceland, tolu Tonga, tano ni fimm kule, nima huku.

Tena Kifiji chenyewe kina vaka nyingine isiyohusiana kabisa na mitumbwi. Kusema Kifiji ni vosa vakaViti. Vaka- hapo inafanya kazi ya ki- yetu. Kama kati ya lugha jirani maneno yanagongana hivi, itakuwaje kwa lugha za pande mbili za dunia?

Kwa kipimo cha orodha ile, hata sisi tumo. Wamaori wana waka, sisi taa inawaka. Wana kata pia, ila kwao ni kucheka. Moto wanao vilevile: ni kupiga ngumi.