Je, wajua kwa nini si kila tairi la inchi 16 linafaa rimu ya inchi 16?

Mwenye Land Cruiser mkonga, ile yenye bomba la hewa lililopanda ubavuni kama mkonga wa tembo, anayetaka matairi mapana zaidi kwa ajili ya njia za Magu, Misungwi au Sengerema hapa Mwanza, mara nyingi huulizwa jambo moja tu dukani: rimu yako namba ngapi? Akijibu 16, anapewa tairi la 16. Likijazwa upepo likashika, analipa na kuondoka. Lakini ile 16 ni kipenyo tu. Upana wa rimu haumo kabisa kwenye namba ya tairi, ilhali ndio unaoamua kama tairi litabaki mahali pake gari likielemea kwenye kona au likizama mchangani.

Chukua namba 265/70R16. Hiyo 265 ni upana wa tairi kwa milimita, kutoka ubavu hadi ubavu. 70 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 70 ya huo upana. 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Sasa geukia rimu: kama haijaliwa na kutu, utakuta imegongwa kitu kama 16x7J, na hiyo 7 ndiyo inchi za upana. Isiposomeka, pima mwenyewe, ila pima ndani, kati ya kuta mbili ambazo tairi huegemea. Ukiweka futi nje, kutoka ukingo hadi ukingo, utapata karibu inchi moja ya ziada ambayo haipo, na kwa rimu za mitumba kosa hili ni rahisi mno kulifanya.

Kila saizi ya tairi ina kiwango chake cha upana wa rimu, na mtengenezaji hukiandika kwenye jedwali lake. 265/70R16 hukubali rimu ya inchi 7 hadi 9. 285/75R16 huanzia 7.5. 235/85R16 huanzia 6 na kuishia 7.5. Mikonga mingi ilitoka kiwandani na tairi la 7.50R16 (hapa 7.50 ni upana wa tairi kwa inchi, si milimita) kwenye rimu ya inchi 5.5. Anayevalisha rimu hiyo tairi la 285 amepungukiwa inchi 2 nzima.

Kinachotokea hapo ni hiki. Midomo ya tairi, ile kingo yenye nyaya za chuma ndani, inasogezwa karibu mno, mbavu zinatuna, na uso wa tairi unapanda katikati. Meno ya katikati yanaisha mapema huku ya pembeni yakibaki mapya. Ukikata kona, gari linayumba kwanza juu ya mbavu kabla ya kuitikia usukani, na zile mbavu zinazokunjwa kila mzunguko zinapata joto. Kwenye lami ya kwenda Musoma, na mzigo juu, joto hilo ndilo la kuogopa.

Rimu ikiwa pana kupita kiasi, mambo yanageuka. Mbavu zinavutwa nje, mdomo unakaa kwa pembe ambayo haukuundiwa, na ukingo wa rimu unabaki wazi. Katika mkoa wenye miamba kama huu wa kwetu, ukingo ulio wazi utagonga jiwe siku moja, upinde, na upepo uanze kuvuja.

Hatari kubwa inakuja unapopunguza upepo. Kwenye mchanga wa ufukweni au udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni, dereva hushusha upepo kutoka psi 35 hadi 20 hivi (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo) ili tairi litandaze unyayo. Ule upepo ndio uliokuwa ukiusukuma mdomo ubane ukuta wa rimu. Ukipungua, kona moja kali inatosha kuung'oa mdomo ulionyooshwa na kuuangusha kwenye bonde la katikati ya rimu. Upepo wote unatoka mara moja. Ndiyo maana kwa gari la porini ningechagua rimu iliyo upande wa chini hadi katikati ya kiwango, kamwe si ya juu kabisa: ubavu unatuna kidogo, unaikinga rimu na mawe, na mdomo unashikwa vizuri.

Kwa mkonga wa kazi huku kwetu, chaguo langu ni 235/85R16 kwenye rimu ya inchi 6 au 6.5. Kipenyo chake ni kama milimita 806, karibu sawa na 7.50R16, hivyo spidomita haidanganyi. 285/75R16 hufika 834. Spidomita ikisoma 80, wewe uko karibu 83. Angalia pia kama rimu ya zamani ni ya tyubu, maana rimu ya tairi lisilo na tyubu ina kinundu kidogo kinachozuia mdomo kuteleza, na nyingi za tyubu hazina.

Rimu mpya pana mara nyingi hulisogeza tairi nje au ndani. Kabla ya kulipa, pakia gari uzito wake wa kawaida, kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, kisha chungulia chesisi, bomba za breki na madigadi. Popote mpira unapogusa, rudisha.