No wave ni muziki gani, na bluzi imeingiaje humo?

No wave ni muziki uliozuka New York, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970. Jina lenyewe ni jibu. Kampuni za santuri zilikuwa zikiuza roki iliyolainishwa kwa jina la "wimbi jipya" (new wave). Vijana wa kusini mwa Manhattan, katika jiji lililonusurika kufilisika mwaka 1975, wakasema hakuna wimbi. Hawakutaka kiitikio wala solo tamu. Arto Lindsay wa bendi ya DNA alipiga gita la nyuzi 12 bila hata kulituni. Mwaka 1978 mtayarishaji wa muziki Mwingereza, Brian Eno, akazikusanya bendi nne, Contortions, Teenage Jesus and the Jerks, Mars na DNA, katika santuri moja iitwayo No New York, kila bendi nyimbo nne.

Wengi husema muziki huu ulikata mizizi yote. Sikubali. Msikilize Lydia Lunch, mwimbaji na mpiga gita wa Teenage Jesus: hatafuti noti kwa vidole, anaburuza kitu kigumu juu ya nyuzi hadi gita linapiga yowe. Mbinu hiyo ni ya bluzi, muziki wa Wamarekani weusi wa kusini. Mtunzi W. C. Handy alisimulia kwamba yapata mwaka 1903, katika stesheni ya Tutwiler, Mississippi, alimsikia mtu mweusi akipiga gita huku amekandamiza kisu juu ya nyuzi. Kisu kinatoa sauti zilizojificha kati ya noti na noti, palepale inapopita sauti ya mtu anayelia. Lunch aliacha wimbo, akabaki na kilio.

Katika bendi yake nyingine, 8 Eyed Spy, iliyoanza 1979, bluzi ikajitokeza waziwazi. George Scott, aliyetoka Contortions, alishika besi, Jim Sclavunos ngoma, Pat Irwin saksafoni, na wakapiga hata "Diddy Wah Diddy" ya Bo Diddley, mpiga gita wa bluzi na roki. Rekodi zao za jukwaani zilitoka kwa kaseti mwaka 1981. Ni rekodi ghafi, kwa maana ileile ya malighafi: sauti imeachwa na makapi yake. Besi inasukuma mbele, gita linakwaruza, na Lunch anayatema maneno kama mtu anayedai haki yake mlangoni. Scott hakuiona kaseti hiyo. Alifariki mwaka 1980, na bendi ikaishia hapo.