AMT: gia boksi ya mkono isiyo na pedali ya klachi

Gari dogo lenye pedali mbili kila mtu huliita otomatiki, na kwa anayezunguka Ngamiani na Chumbageni tu, hapa mjini Tanga, jina hilo halina shida. Shida huanzia gereji. Chini ya boneti za magari hayo madogo kuna gia boksi za jamii nne tofauti: otomatiki ya kawaida, CVT, ile ya klachi mbili, na AMT. Kila moja ina oili yake, ugonjwa wake na namna yake ya kupandishwa mlima. AMT ndiyo isiyojulikana sana, na hufa mapema kwa sababu watu huiendesha na kuitengeneza kama otomatiki.

AMT ni gia boksi ya mkono. Ukiifungua utakuta shafti, meno, sinkronaiza (pete za kulinganisha mwendo wa meno kabla gia haijaingia) na sahani moja kavu ya klachi iliyobanwa kati ya flaiwili na presha pleti, sawasawa na gari la gia za mkono. Vilivyoongezwa ni vifaa viwili vya nje: kimoja hufungua na kufunga klachi badala ya mguu wako, kingine husukuma uma za gia badala ya mkono wako. Kompyuta ndogo husoma mwendo wa gari, mzunguko wa injini na kiasi ulichokanyaga mafuta, kisha hutoa amri. Kwa kiwanda ni nafuu, maana gia boksi iliyokwisha kuwapo inavikwa tu vifaa hivyo. Ndiyo maana imeenea kwenye magari ya bei ya chini. Maruti Suzuki waliiweka kwenye Celerio nchini India mwaka 2014, Renault wakaiweka kwenye Kwid, na Toyota za Ulaya kama Aygo na Yaris zilikuwa nayo kwa jina la MMT. Linalotuhusu zaidi ni hili: mwaka huohuo wa 2014 Suzuki walianza kuifunga kwenye Carry ya Japani, ile tunayoiita Kirikuu, kwa jina la 5AGS. Kwa hiyo Kirikuu ya miaka hiyo yenye pedali mbili inaweza kuwa AMT, na anayeinunua pengine haambiwi.

Kuitambua si kazi. Tazama kitako cha gia. Otomatiki na CVT zina P, yaani nafasi ya kuegesha. AMT nyingi hazina P. Utaona R, N, D na upande wa M, wa kuchagua gia mwenyewe, wenye alama za kujumlisha na kutoa. Kwa kuwa hakuna P, gari huegeshwa likiwa ndani ya gia, injini imezimwa na hendibreki imevutwa. Ukiliacha kwenye N bila hendibreki, litaondoka.

Inapobadilisha gia hufuata hatua zilezile za dereva: kompyuta hupunguza nguvu ya injini, klachi hufunguka, gia ya zamani hutolewa, mpya huingizwa, klachi hufunga, nguvu hurudi. Wakati wote huo magurudumu hayasukumwi na kitu. Abiria huhisi gari limekata pumzi na vichwa vinainama mbele kidogo. Huo si ubovu. Punguza mguu kwenye mafuta pale unapohisi gia inataka kuingia, na mtikisiko utapungua sana. Anayekanyaga bila kulegeza ndiye anayeushindilia.

Mlimani ndiko mtu anapojua amenunua nini. Mji wa Tanga ni tambarare, hivyo AMT hufanya kazi humu bila malalamiko na hunywa mafuta kama gari la gia za mkono. Lakini toka Mombo kwenda Lushoto, zaidi ya kilomita 30 za kona juu ya kona, au Muheza kwenda Amani, kosa moja linatosha kuunguza klachi: kulishikilia gari mlimani kwa kukanyaga mafuta kidogo. Kwenye otomatiki ya kawaida jambo hilo hupasha oili moto tu, kwa sababu kati ya injini na gia kuna kimiminika. Kwenye AMT kuna sahani kavu, nayo inasuguana na chuma muda wote huo. Harufu ya klachi hutoka, baadhi ya magari hupiga kelele ya onyo, na sahani iliyoungua haiponi kwa kupumzishwa.

Njia sahihi ni ya shule ya udereva. Ukisimama mlimani, vuta hendibreki. Ukitaka kuondoka, ongeza mafuta kwa hakika, subiri pua ya gari iinuke klachi iliposhika, ndipo uachie hendibreki. AMT nyingine zina msaada wa kuzuia gari lisirudi nyuma, lakini nyingi za bei nafuu hazina. Ukipanda kwa mwendo mdogo weka M na ubaki gia ya pili, la sivyo kompyuta itapanda ya tatu, ishindwe, irudi ya pili, ijaribu tena, na kila jaribio linakula klachi. Ukishuka kutoka Lushoto fanya vivyo hivyo, pili au hata ya kwanza kwenye kona kali, injini ikusaidie kuzuia gari na breki zisichemke. Kwa Kirikuu liongezwe jambo moja: imeundwa kubeba kilo 350. Anayejaza machungwa ya Muheza hadi springi zinanyooka asishangae klachi kuisha upesi.

Sasa wenzake. Otomatiki ya kawaida, ile ya gia nne iliyo kwenye IST za kwanza na Passo za kwanza, hupitisha nguvu kwenye kimiminika na hubadilisha gia bila kukata nguvu. Inakula mafuta zaidi kidogo, lakini kwa anayepanda Usambara kila wiki bado naiona ndiyo mwenza wa kuaminika, mradi oili yake ibadilishwe. CVT, iliyo kwenye Vitz nyingi za baadaye, haina gia kabisa: ina mkanda wa chuma kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana. Ni laini kuliko zote. Adui yake ni oili isiyo yake. Ukiweka oili ya otomatiki ya kawaida, mkanda huanza kuteleza na kukwangua puli, na hapo tiba huwa ni kununua gia boksi nyingine. Ya klachi mbili utaikuta kwenye Honda Fit ya mseto ya 2013 na kuendelea. Inabadilisha gia upesi mno, ila Honda wenyewe waliyaita tena magari hayo Japani mara kadhaa kati ya 2013 na 2014 kwa marekebisho, kwa hiyo ukiinunua hakikisha marekebisho hayo yalifanyika.

Turudi kwenye AMT na gereji. Oili yake ni ya gia boksi ya mkono, kwa kawaida lita 2 hivi za daraja la GL-4. Soma kitabu cha gari. Fundi akisema "hii otomatiki, tuweke ATF", yaani oili ya otomatiki, mzuie, kwani sinkronaiza na meno ya AMT hayakuundwa kwa ajili hiyo. Zile zinazoendeshwa kwa haidroliki zina oili nyingine tena kwenye kikopo kidogo cha pampu, na hizo mbili hazichanganywi.

Jambo linaloumiza wateja wengi ni kubadilisha klachi bila kuifundisha kompyuta. Kompyuta inakumbuka mahali sahani ya zamani ilipokuwa inashika. Ukiweka mpya, nene zaidi, kumbukumbu ile ni uongo: gari litaruka likiondoka, au gia zitasaga, au halitaondoka kabisa. Lazima iunganishwe mashine ya kupimia na kuamriwa kujifunza upya mahali pa kushika na nafasi za gia. Muulize fundi kabla hajafungua boliti hata moja kama mashine yake ina uwezo huo kwa gari lako. Kama hana, tafuta mwenye nayo.

Na si kila gia inayogoma ni klachi iliyokwisha. Betri dhaifu peke yake huzuia gia kuingia, kwa sababu mota na pampu zinataka umeme wa kutosha. Swichi ya taa za breki ikifa, kompyuta haijui kwamba umekanyaga breki, na hukataa kutoa gari N. Na sisi tunaoishi kwenye hewa ya chumvi, plagi za nyaya karibu na gia boksi huota kutu ya kijani. Zichomoe, zisafishe, zikauke, kisha ndipo uzungumzie spea. Kwenye aina ya haidroliki, pampu huvuma kwa sekunde chache ukifungua mlango au ukiwasha swichi. Ikivuma bila kukoma, au ikirudiarudia kila baada ya muda mfupi, kuna presha inayovuja.

Ukitaka kununua, utambarare wa Tanga utakufichia klachi mbovu. Chukua barabara ya Segera, weka M gia ya nne kwenye kilomita 50 kwa saa, kisha kanyaga mafuta mpaka chini. Mzunguko wa injini ukipaa huku mwendo ukibaki palepale, klachi inateleza. Halafu simama, ingiza R na D mara kadhaa injini ikiwa imepata moto. Gia iingie bila kusaga na bila kuchelewa.

Mwisho, betri ikifa gari likiwa ndani ya gia, klachi imefunga na hakuna wa kuifungua: halisukumiki, na kulisukuma ili liwake hakusaidii. Peleka umeme kwa nyaya za betri ya gari jingine, utoe gia. Ikishindikana, livutwe magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa yameinuliwa: ya mbele kwa Celerio na Kwid, ya nyuma kwa Kirikuu, au yote manne juu kama Kirikuu hiyo ni ya 4WD.