Paul Morphy: Yanayosimuliwa na Yaliyokuwa

Paul Morphy alizaliwa New Orleans, Marekani, tarehe 22 Juni 1837, na akafariki katika mji huohuo tarehe 10 Julai 1884. Sataranji ya hadhara, yaani mechi na mashindano dhidi ya mabingwa wa zama zake, aliicheza kwa takriban miaka miwili tu kuanzia Oktoba 1857, na huenda ufupi huo ndio uliowapa wasimulizi nafasi ya kuongeza chumvi. Wengi humweleza kama mateka wa mchezo uliommaliza. Kumbukumbu za maisha yake zinatuonyesha mtu mwingine: mwanasheria wa ukoo wenye hadhi, aliyeihesabu sataranji kuwa burudani, akaiweka kando mapema, na akaugua miaka mingi baadaye.

Wanaodhani kwamba sataranji ndiyo iliyokuwa kazi yake wanasahau alikotoka. Baba yake, Alonzo Morphy, alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Louisiana, na kijana mwenyewe alihitimu sheria Aprili 1857, akiwa bado hajafikisha umri wa miaka 21 uliohitajika ili kuanza kazi hiyo. Safari yake ya New York, ambako alishinda Kongamano la Kwanza la Sataranji la Marekani kwa kumfunga Louis Paulsen katika fainali, na ile ya Ulaya mwaka 1858, zilijaza muda huo wa kungoja. Fedha za ushindi zilimkera kwelikweli. Alipomshinda Johann Löwenthal jijini London na kupata dau la pauni 100, alimnunulia mpinzani wake huyohuyo samani zenye thamani iliyozidi dau lenyewe.

Upande wa uchezaji, husemwa kwamba alishinda kwa kutoa kafara kete zake, yaani kuziacha makusudi ziliwe, bila hesabu, akiongozwa na kipaji cha kuzaliwa tu. Kipaji alikuwa nacho, kwani alimshinda Löwenthal huyo huko New Orleans akiwa na umri wa miaka 12. Hata hivyo alikuzwa katika nyumba ambamo baba na ami yake Ernest walicheza, na maandishi ya sataranji ya wakati wake aliyajua vizuri. Tazama mchezo wake mashuhuri kuliko yote, alioucheza mwaka 1858 katika jumba la opera jijini Paris dhidi ya Karl, mtawala wa zamani wa Brunswick, na kabaila Isouard, ambao walishauriana kila hatua. Katika hatua ya 8 Morphy angeweza kumla askari wa bure kwa malkia wake, lakini kwa kufanya hivyo angewapa wapinzani nafasi ya kulazimisha malkia wabadilishwe na kupata nafuu. Akaona heri atoe farasi wake wa pili uwanjani. Kafara zilikuja baada ya hapo, wakati malkia, maaskofu na farasi wake walipokuwa wameingia kazini, ilhali askofu mmoja na ngome moja ya wapinzani havikusogea kabisa hadi mwisho. Katika hatua ya 16 alimtoa malkia mwenyewe, na katika ya 17 mfalme wa wapinzani akafungwa na ngome na askofu, ambazo ndizo kete pekee alizobaki nazo mbali na mfalme na askari. Kwa maoni yangu, anayeusifu mchezo huo kwa sababu ya kafara ya malkia ameanza kuusoma mwishoni.

Kuhusu Howard Staunton wa Uingereza, wengi humwita mwoga aliyemkimbia Morphy. Ni kweli kwamba mechi kati yao haikufanyika, na kwamba Staunton aliahirisha mara kwa mara kwa namna isiyompa sifa njema. Lakini alikuwa na umri wa miaka 48, na alikuwa ametingwa na kazi ya kuhariri tamthilia za Shakespeare kwa mkataba. Zaidi ya hayo walikutana ubaoni: Staunton na mchezaji mwenzake Owen walicheza michezo miwili ya kushauriana dhidi ya Morphy na mchezaji mwingine, Barnes, wakafungwa yote miwili.

Dhana iliyoenea kupita zote, na yenye madhara zaidi, ni kwamba sataranji ilimtia wazimu. Mfuatano wa matukio hauiungi mkono. Desemba 1858 alimshinda Adolf Anderssen, ambaye wengi walimhesabu kuwa mchezaji bora wa Ulaya, michezo 7 kwa 2 na sare 2, muda mfupi tu baada ya kuugua tumbo na kunyonywa damu kwa ruba kama matibabu ya siku hizo yalivyotaka. Akili yake haikuwa na hitilafu yoyote. Mei 1859, alipokuwa akitunukiwa New York, aliwaambia waliomsikiliza kwamba sataranji ni burudani na haifai kuachwa iingilie shughuli nzito zaidi za maisha. Baada ya hapo vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoanza mwaka 1861, viliuvuruga mji wake, na ofisi yake ya sheria haikustawi. Hadi mwaka 1869 aliendelea kucheza faraghani na rafiki yake Charles Maurian, akianza mchezo bila farasi wake mmoja ili mwenzake apate nafuu. Wahka wa kuamini kwamba anaandamwa, pamoja na madai dhidi ya shemeji yake juu ya mirathi ya baba, ulidhihirika katika miaka ya 1870. Mwaka 1875 jamaa zake walitaka alazwe katika nyumba ya wagonjwa wa akili, naye akajitetea kwa hoja za kisheria zilizopangika kiasi kwamba hakupokelewa.

Kifo chake nacho kimepambwa. Alikutwa bafuni, akiwa na umri wa miaka 47, baada ya kutembea katika jua kali la mchana, na kilichotajwa ni kiharusi. Hadithi kwamba alikufa akiwa amezungukwa na viatu vya wanawake ilitokana na maelezo ya mpwa wake, yaliyochapishwa mwaka 1926, kwamba alikuwa na desturi ya kupanga viatu vyake chumbani kwa umbo la nusu duara. Viatu vya wanawake viliongezwa na waandishi wa baadaye.

Mwisho, si sahihi kumwita bingwa rasmi wa dunia. Mechi ya kwanza iliyotambuliwa kuwa ya kuwania taji hilo ilichezwa mwaka 1886 kati ya Wilhelm Steinitz na Johannes Zukertort, miaka miwili baada ya Morphy kuzikwa, na sehemu yake ya mwisho ilifanyika New Orleans.