Aristotle hakuweka sheria tatu za tamthilia

Wanafunzi wengi wa fasihi hukariri kwamba Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliwataka watunzi wa tanzia (tamthilia za huzuni) wafuate umoja wa aina tatu: tendo moja, siku moja, mahali pamoja. Kumbe alisisitiza mmoja tu, umoja wa tendo. Kwake, matukio yashikane hivi kwamba ukiondoa moja, msuko mzima unavurugika. Ndiyo maana aliwakosoa washairi waliodhani kisa kina umoja eti kwa sababu chote kinamhusu Herakles, shujaa wa visasili vya Kigiriki.

Kuhusu muda, alisema tu kuwa tanzia hujitahidi kuishia ndani ya mzunguko mmoja wa jua, au kuzidi kidogo. Mahali hakupawekea sharti. Angewezaje, ilhali Eumenides, tanzia ya Mgiriki Aeschylus, iliyoigizwa mwaka 458 K.K., inaanzia Delphi na kuishia Athens?

Aliyezitoa sheria zote tatu kwa pamoja ni Mwitalia Lodovico Castelvetro, mwaka 1570, karibu miaka 1,900 baada ya Aristotle. Wafaransa wakazishupalia, kupita kiasi kwa maoni yangu. Le Cid, tamthilia ya Mfaransa Corneille ya mwaka 1637, ilijibana ndani ya saa 24, kisha ikalaumiwa kwa kurundika mambo mengi mno katika siku moja.