Steal na rob: kuna kilichoibwa na kuna aliyeibiwa

Katika insha za Kiingereza ninazosahihisha, hakuna sentensi ninayokutana nayo mara nyingi kama hii: "I was stolen my phone." Mwanafunzi anataka kusema ameibiwa simu. Mwingereza akiisoma, anaona kama mwanafunzi mwenyewe ndiye aliyebebwa na mwizi.

Kosa hili lina mantiki yake, na mantiki hiyo ni ya Kiswahili. Sisi tuna kuiba, kisha tunakitia kitenzi kilekile kwenye kauli ya kutendea: kuibia, kuibiwa. Mtu anaingia kwenye sentensi bila shida: nimeibiwa simu. Kiingereza hakina kauli hiyo, kwa hiyo kazi imegawiwa vitenzi viwili. Steal hufuatwa na kitu kilichochukuliwa. Rob hufuatwa na mtu, au mahali, palipotendewa. They stole the money, lakini they robbed the bank. Ukisema they stole the bank, umesema wameondoka na jengo.

Tofauti ya pili ni nguvu. Mwaka 1911 Vincenzo Peruggia aliuchukua mchoro wa Mona Lisa katika jumba la Louvre, Paris, bila kumgusa mtu: he stole it. Agosti 1963 genge lilisimamisha treni ya posta iliyokuwa ikienda London, likampiga dereva kichwani na kuondoka na zaidi ya pauni milioni 2.6. Hapo ni they robbed the train. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1968 inasema wazi kwamba robbery ni wizi uliotumia nguvu au uliomtia mtu hofu ya kudhuriwa palepale. Mahakama za Tanzania nazo hutenganisha wizi na unyang'anyi, na adhabu hazilingani, kwa hiyo anayetafsiri ushahidi asivichanganye kamwe.

Mitaani Waingereza hulegeza kidogo. Mtu akirudi na kukuta nyumba imevunjwa atalia "I've been robbed!" ingawa hakukuwa na mtu ndani, lakini polisi wataandika burglary, yaani wizi wa kuvunja nyumba.

Na ile simu? My phone was stolen ni sahihi kabisa. Ila ukitaka wewe ndiwe uanze sentensi, kama tunavyopenda, sema I had my phone stolen. Hiyo ndiyo inayokaribiana zaidi na nimeibiwa simu, na ndiyo ninayowasisitizia wanafunzi wangu.