Halijoto ya Mombasa kwenye skrini: wanavyodhani na ilivyo

Kila anayejifunza kuandika programu hufika kwenye zoezi hili: chukua halijoto ya mji wako kutoka intaneti, uionyeshe kwenye skrini. Kwa wanaoanza napendekeza huduma ya Open-Meteo, maana haidai ufunguo (msimbo wa siri wa kukutambulisha) wala malipo kwa matumizi yasiyo ya biashara. Mistari kumi ya Python yatosha. Kwa hiyo wengi huimaliza kazi mapema, na dhana zao potofu wakabaki nazo.

"Nambari ikitokea, zoezi limekwisha." Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Nambari hutokea hata pale ulipouliza mahali pasipo penyewe. Mombasa iko kusini mwa ikweta: latitudo -4.05, longitudo 39.67. Sahau ile alama ya kutoa uone. Programu haitalalamika, itakuletea hali ya hewa ya kusini mwa Ethiopia, upande wa Moyale. Ukizigeuza, latitudo ikawa 39.67 na longitudo -4.05, umeshafika Uhispania, jirani na mji wa Toledo. Kosa hilo ukilifanya Januari utalinasa mara moja, kwani kaskazi imepamba moto, watu Kizingo wanajipepea, na skrini yakwambia ni baridi. Lakini Julai, kusi ikivuma hapa kwetu, na Uhispania kukiwa kiangazi, kuna saa ambazo nambari hizo mbili hukaribiana na hakuna atakayeshtuka. Bahati nzuri, jibu la huduma hurudi na latitudo na longitudo ndani yake. Zionyeshe kwenye skrini pia.

"Ni data mubashara, basi kuna kipimajoto kinachosomwa sasa hivi." La. Kinachorudi ni makadirio ya modeli za hali ya hewa, ambazo huigawa dunia katika miraba ya kilomita kadhaa na kukokotoa hali ya kila mmoja. Mraba mmoja waweza kubeba Kisiwani, Likoni na kipande cha bahari. Vipimajoto halisi vipo, uwanja wa ndege wa Moi kwa mfano, lakini nambari yako haikusomwa moja kwa moja pale.

Dhana hiyo huzaa nyingine: kwamba ukiuliza kila sekunde utapata kipya zaidi. Thamani ya "sasa" katika huduma hii hwenda kwa hatua za dakika 15. Jibu lenyewe husema, `interval` ni sekunde 900. Ombi kila sekunde ni maombi 86,400 kwa siku, na matumizi ya bure yana kikomo cha 10,000. Utakivuka kabla ya muda wa saa tatu kupita, na thamani yenyewe itakuwa imebadilika mara kumi na moja hivi. Kisha seva itakujibu 429, yaani umezidisha maombi. Haki yake.

Saa nayo ina mtego. Usipotaja kanda ya saa, jibu huja kwa GMT. Ukiona 09:00, usiisome kuwa saa tatu asubuhi. Hapa kwetu ni saa sita mchana. Ongeza `timezone=Africa/Nairobi` na jambo limekwisha.

"Kebo za baharini zatua hapa Mombasa, mtandao utakatikaje?" Ni kweli zatua: TEAMS na Seacom tangu 2009, EASSy 2010. Lakini tarehe 12 Mei 2024 EASSy na Seacom zilikatika zote mbili, na intaneti ya Afrika Mashariki ikalegea. Programu iliyotumia maktaba ya `requests` bila kuwekewa kikomo cha kusubiri yaweza kuning'inia tu, kwani maktaba hiyo haina kikomo chake yenyewe. Andika `timeout=10`, yaani sekunde kumi. Wa JavaScript nao wajue kwamba kwa `fetch`, amri yao ya kuomba data, jibu la 404 (kilichoombwa hakipo) au 500 (seva imekwama) halihesabiwi kuwa kosa. Ni jibu lililofika salama. Lazima uangalie mwenyewe sehemu ya `ok`, inayosema kama ombi limefaulu, kabla ya kusoma JSON, yaani maandishi yaliyobeba data.

Na kuhusu huduma zinazodai ufunguo: wako wanaouweka ndani ya JavaScript ya ukurasa wakidhani umefichika. Yeyote mwenye kivinjari anaweza kuusoma. Uache upande wa seva, na ukurasa uombe data kwa seva yako.